JAMBIA LA MTALIANO NA MAISHA YA DUKI WA AOSTA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Leo nimeshika kalamu ili nijibu swali lililozua mabishano makali katika chama chetu cha Kiswahili. Swali lenyewe ni hili: mtu akiokota jambia la vita la Mtaliano katika nyika yetu hii ya Garissa, jambia hilo hapo mwanzo lilikuwa la nani? Wengi walisema bila kusita kwamba ni la Duki wa Aosta, yule mkubwa wa Waitaliano aliyezikwa Nyeri. Wengine wakaongeza kwamba likiwa lake, basi aliyeliokota ameukata, kwa sababu wanaokusanya silaha za kale hulipa pesa nyingi kwa chombo chenye jina la mtu mashuhuri.

Jamani, tusikimbilie bei kabla ya kumjua mwenye mali. Njooni kwanza tulitazame jambia, halafu tuyafuate maisha ya mtu huyo hatua kwa hatua, ndipo tuamue kama yeye na jambia hilo waliwahi kukutana.

Jeshi la Italia lilikuwa na visu vya vita vya namna nyingi. Kuna singe, ile inayochomekwa kwenye mdomo wa bunduki. Kuna pia majambia ya Mashati Meusi, wale wanamgambo wa chama cha Fashisti cha Mussolini. Mengine yalichongwa kichwa cha tai mpinini, na juu ya ala yakatiwa nembo ya Ufashisti, yaani shoka lililofungwa pamoja na fimbo nyingi. Tena yapo majambia ya Vita Vikuu vya Kwanza yaliyotengenezwa kwa kukata singe kuukuu za bunduki za zamani. Kwa hiyo ubavu mmoja wa chuma unaweza kuwa umepita mikononi mwa watu wawili au watatu hata kabla ya kufika Afrika. Ukikuta namba au alama ya kiwanda kwenye chuma, usidhani umempata mwenyewe. Namba ni ya chombo, alama ni ya fundi. Jina la askari halimo.

Sasa tumgeukie bwana mkubwa. Jina lake lilikuwa Amedeo, na alizaliwa mjini Torino, Italia, tarehe 21 Oktoba 1898. Duki ni cheo cha watu wa ukoo wa kifalme. Baba yake, Emanuele Filiberto, alikuwa Duki wa Aosta na binamu wa mfalme wa Italia. Mama yake, Hélène, alitoka katika ukoo wa wafalme wa zamani wa Ufaransa. Basi kijana huyu alizaliwa akiwa na kijiko cha dhahabu mkononi, lakini hakukaa akakitazama.

Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, Amedeo alikuwa na miaka 16 tu, umri wetu sisi wa Kidato cha Tatu. Alijitolea kwenda jeshini, akaanza kama askari wa kawaida katika kikosi cha mizinga ya kukokotwa na farasi, ingawa baba yake alikuwa jenerali aliyeongoza jeshi zima la tatu la Italia. Baadaye alipanda vyeo hadi akawa afisa.

Vita vilipokwisha, macho yake yaligeukia Afrika. Mwaka 1919 alifuatana na baba yake mdogo, Luigi, Duki wa Abruzzi, hadi Somalia. Huyu Luigi ndiye aliyeongoza safari ya kupanda vilele vya milima ya Ruwenzori mwaka 1906. Huko Somalia alianzisha shamba kubwa kando ya mto Shebelle mwaka 1920, mahali ambapo leo ni mji wa Jowhar. Kwa hiyo Amedeo aliijua Somalia angali kijana. Kisha akafanya jambo la kushangaza kwa mtoto wa kifalme: alikwenda Kongo ya Wabelgiji akafanya kazi kama kibarua katika kiwanda cha sabuni mjini Stanleyville, ambao siku hizi ni Kisangani. Kumbe hata mwana wa jumba huweza kutoa jasho!

Aliporudi kwao alisoma sheria, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Palermo mwaka 1924. Mwaka 1927 alimwoa Anne wa Orléans, wakajaliwa binti wawili. Alitumikia pia Libya, akiongoza askari wapanda ngamia jangwani, na akajifunza urubani. Baba yake alipofariki mwaka 1931, Amedeo akawa Duki wa Aosta, na mwaka uliofuata akahamia jeshi la anga, ambako alipanda hadi ujenerali. Alikuwa mrefu ajabu, karibu mita 2. Nadhani kumkunja katika chumba cha ndege za wakati ule si mchezo.

Mwishoni mwa mwaka 1937 Mussolini alimteua awe gavana mkuu wa Afrika Mashariki ya Kitaliano, yaani Ethiopia, Eritrea na Somalia ya Kitaliano kwa pamoja. Alimrithi Graziani, mtu aliyekuwa katili kupindukia. Mwezi Februari mwaka huohuo, baada ya Graziani kutupiwa mabomu ya mkono mjini Addis Ababa, Waitaliano waliua maelfu ya raia. Duki alileta siasa ya upole zaidi, akajaribu kuwavuta Waethiopia kwa maneno na kwa kazi badala ya kamba na risasi. Ndiyo maana vitabu vingi vinamsifu kuwa mtu muungwana.

Lakini mwandishi wa historia hapaswi kuficha upande mmoja wa sarafu. Upole ule haukuondoa ukoloni. Nchi ilikuwa ya watu, nao walinyang'anywa. Mwezi Aprili 1939, yeye akiwa ndiye gavana mkuu, majeshi ya Italia yalitumia gesi ya sumu dhidi ya watu waliojificha katika pango la Zeret, kaskazini ya Shewa. Waliouawa ni mamia, wakiwemo wanawake na watoto. Sifa ya uungwana haiwezi kulifunika pango lile.

Sasa tunakaribia nyumbani. Tarehe 10 Juni 1940 Italia ilitangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa. Duki alikuwa na jeshi kubwa, inakadiriwa Waitaliano 91,000 na askari Waafrika karibu 200,000. Hata hivyo alikuwa kama samaki aliyekatiwa maji, maana Waingereza walishika Mfereji wa Suez, na petroli, matairi na risasi kutoka kwao havikuweza kumfikia kwa meli. Mwezi Julai Waitaliano waliteka Moyale, na mwezi Agosti wakateka Somalia ya Waingereza. Huku kwetu mto Tana ukawa kama boma. Garissa na Bura zikajaa malori, matangi ya maji na wanajeshi: Keya wa Afrika Mashariki, askari wa Gold Coast na Nijeria, na Makaburu wa Afrika Kusini. Amri ilikuwa mkononi mwa Jenerali Alan Cunningham.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 jeshi hilo lilivuka nyika kavu kuelekea Liboi na mpaka wa Somalia. Aijuaye njia ile anaelewa kwamba adui wa kwanza hakuwa Mtaliano bali kiu. Afmadow ilianguka tarehe 11 Februari, Kismayu tarehe 14, na Mogadishu tarehe 25. Tarehe 6 Aprili jeshi la Cunningham likaingia Addis Ababa. Hesabuni wenyewe: kutoka Kismayu hadi Addis Ababa ni siku 51 tu.

Je, wakati huo Duki alikuwa wapi? Hapa ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana. Hakuwa Liboi wala Afmadow, sembuse Garissa. Makao yake yalikuwa Addis Ababa, na mji ulipokaribia kuanguka aliondoka kwenda kaskazini, akajichimbia katika mlima Amba Alagi, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Huko alizingirwa na majeshi ya Wahindi kutoka kaskazini, ya Afrika Kusini kutoka kusini, na wazalendo wa Ethiopia. Kombora likapiga ghala la mafuta, mafuta yakamwagika katika maji ya kunywa, na majeruhi walikuwa wengi. Akaona kuendelea ni kuwaua watu wake bure. Tarehe 19 Mei 1941 askari wake wapatao 5,000 waliteremka mlimani. Waingereza waliwapigia gwaride la heshima, kisha wakazipokea silaha zao. Wahenga walinena: Mgala muue na haki yake umpe.

Duki akaletwa Kenya akiwa mateka, akawekwa karibu na mlima Ol Donyo Sabuk, upande wa Thika. Mateka wa Kitaliano walikuwa maelfu, nao walijenga barabara na lile kanisa dogo linalosimama hadi leo kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu. Afya ya Duki haikudumu. Malaria na kifua kikuu vilimshika pamoja, akapelekwa hospitali ya kijeshi Nairobi, na huko akaaga dunia tarehe 3 Machi 1942, akiwa na miaka 43. Alizikwa Nyeri, na leo amelala katika kanisa la ukumbusho lililofunguliwa mwaka 1952, pamoja na askari wenzake zaidi ya 600.

Basi tuseme nini juu ya jambia? Katika vita hivyo Duki wa Aosta aliingia Kenya akiwa mateka, mwaka 1941, baada ya vita vya huku kwetu kwisha. Hakuna mahali katika safari yake ambapo angeliangusha jambia kati ya Garissa na Liboi. Anayekwambia jambia la nyikani ni lake, mwombe ushahidi: nani alilichukua, lini, kutoka mkononi mwa nani, na nani aliandika? Asipojibu, ujue anauza jina, hauzi chuma.

Mwenyewe hasa alikuwa nani? Tukumbuke kwamba mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, ambalo hapo awali lilikuwa sehemu ya Kenya. Mstari ukapita katikati ya malisho na katikati ya koo. Mtu na binamu yake wakajikuta huyu chini ya bendera hii na yule chini ya ile. Waitaliano wakawaandika vijana wa Kisomali kulinda mpaka, nao wakaitwa Dubat, yaani wenye vilemba vyeupe. Hao pamoja na askari wengine wa kikoloni ndio waliokuwa wengi upande wa pili wa nyika yetu. Upande huu kulikuwa na Keya. Vita vya wafalme vikawakutanisha watu wasiojua hata ugomvi ulianzaje. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Kwa hiyo yamkini aliyelivaa jambia lile kiunoni siku ya mwisho hakuwa mtu wa kifalme wala hata Mtaliano, bali Mwafrika mwenye mshahara mdogo, labda jamaa wa mtu anayeishi Garissa hii hii. Yamkini pia Keya aliliteka, akalibadilisha kwa tumbaku au maziwa, likaendelea na safari zake. Duki ana kaburi lenye jina na kanisa juu yake. Mtu huyu mwingine hana jiwe, na kwenye chuma chake ni alama ya kiwanda peke yake.

Ndugu zangu, mashahidi wa mwaka 1941 wamebaki wachache mno, lakini watoto na wajukuu wao tunakaa nao. Likizo hii tuwaulize: ni nani katika ukoo wetu aliyekwenda vitani, alikuwa upande gani, alirudi na nini? Tuyaandike majibu kwa Kiswahili safi, yenye jina na mahali, tuyalete katika jarida hili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtu naye ni vivyo hivyo. Na mwenye jambia nyumbani asikimbie kuliuza. Amfuate kwanza mzee aliyempa, amuulize alilipata kwa nani. Huenda jibu likawa jina la babu.