Guangxu: Mfalme wa China Aliyepewa Siku 103 za Mageuzi

Mfalme Guangxu wa nasaba ya Qing alizaliwa Beijing mwaka 1871 na kutawazwa mwaka 1875, akiwa na umri wa miaka mitatu. Mama yake mkubwa, Cixi, ndiye aliyeshika madaraka kwa niaba yake.

China iliposhindwa vitani na Japani mwaka 1895, Guangxu aliamini kuwa dola isingesalimika bila mageuzi. Kuanzia tarehe 11 Juni 1898, akishauriwa na msomi Kang Youwei, alitoa amri mfululizo za kufungua shule za kisasa, kurekebisha mitihani ya watumishi wa serikali na kufuta vyeo visivyo na kazi. Ndipo kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Beijing.

Waliopoteza vyeo walimkimbilia Cixi, ambaye majemadari walimtii. Tarehe 21 Septemba alitwaa madaraka; wanamageuzi sita wakauawa, na mfalme akazuiliwa katika kisiwa cha Yingtai.

Lau angefaulu, huenda China ingekuwa na ufalme wa kikatiba kama Japani. Lakini amri zisizo na watekelezaji hubaki karatasini. Cixi mwenyewe baadaye aliyarejea mengi ya mageuzi hayo, na mitihani ya kale ilifutwa mwaka 1905.

Guangxu alifariki tarehe 14 Novemba 1908, siku moja kabla ya Cixi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulibaini kuwa aliuawa kwa sumu ya aseniki. Nasaba yake ilianguka mwaka 1912, mageuzi yakiwa yamechelewa mno kuiokoa.