Taria Topan na Deni Lisilorudi

Huko Illasit, mpakani chini ya Kilimanjaro, mkulima wa nyanya aliniuliza kwa nini benki humtoza riba kubwa ilhali hajawahi kukimbia deni. Jibu nililikuta katika maisha ya Taria Topan.

Mzaliwa huyu wa Kachi, Uhindi, alifika Unguja angali mtoto, katika karne ya 19. Alipokuwa mtu mzima alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakuu wa pwani, akasimamia forodha ya Sultani. Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za kwendea bara kutafuta pembe za ndovu. Kiswahili kina neno la mkopo wa namna hiyo: mali kauli, mali itolewayo kwa neno la mtu.

Misafara ilikawia miaka, na mingine haikurudi. Kwa hiyo bidhaa za mkopo ziliuzwa ghali kuliko za taslimu. Ziada ilifidia hasara ambayo haijatokea bado. Benki nazo, kwa kanuni ya uhasibu ya kimataifa iliyoanza kutumika mwaka 2018, hutenga akiba ya hasara tangu siku ya kukopesha, bila kungoja mdeni ashindwe.

Taria alifariki Bombay mwaka 1891. Sitamtakasa: biashara ya pembe ilishikamana na utumwa. Hata hivyo, alimpima mdeni kwa jina lake. Mkulima wetu hupimwa kwa kundi asilolijua. Benki na zikadirie hasara, lakini zisipomjua mkopaji, mwaminifu ataendelea kulipia deni la mtoro.