Maisha ya Seyyida Salme

Nyumbani kwetu Marangu dada yangu anafunga mizigo amfuate mumewe Ujerumani, nami nakumbuka habari za Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866. Akamngoja Aden kwa miezi mingi. Mwaka 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, wakaenda Hamburg. Kijerumani alijifunzia huko huko. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi, asipewe. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Dada ameanza kujifunza Kijerumani. Namwomba pia aweke akiba ya nauli ya kurudi.