Émile Baudot: Mtoto wa mkulima aliyeacha jina lake kwenye waya

Fundi wa Shinyanga au Geita anayetaka kujaribu programu ya ubao wa matangazo wa kompyuta hahitaji laini ya simu wala modemu. Kompyuta mbili za zamani na kebo moja ya siriali zinatosha, mradi waya wa kutuma wa kompyuta ya kwanza uingie kwenye tundu la kupokea la kompyuta ya pili, na vivyo hivyo upande wa pili. Kisha programu itamuuliza: baudi ngapi? Akiweka 9600 huku na 2400 kule, kioo kitajaa alama zisizosomeka.

Neno baudi linatokana na jina la mtu. Katika makala haya tunaangalia maisha ya Mfaransa Émile Baudot, aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Shule ya kijijini na jembe

Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, wilaya ya Haute-Marne. Baba yake alikuwa mkulima. Elimu yake ya darasani iliishia shule ya msingi ya kijijini, kisha akashika jembe pamoja na baba yake. Kwa wasomaji wetu wa Usukumani, ambako vijana wengi wameacha shule wakaenda kwenye pamba, ng'ombe au mashimo ya dhahabu, mwanzo huo si mgeni.

Mwaka 1869 aliajiriwa kama mwanagenzi katika idara ya simu za maandishi ya Ufaransa. Mengi ya yaliyofuata alijifunza mwenyewe, nje ya saa za kazi.

Waya mmoja, watu wengi

Tatizo la wakati ule lilikuwa gharama ya waya. Kutandika waya kutoka mji hadi mji kulikula fedha nyingi, na mara nyingi mtumaji mmoja aliushikilia wote peke yake. Tena alama za Morse hazikuwa na urefu sawa: herufi moja nukta tu, nyingine mistari na nukta kadhaa. Sikio la mtu liliweza kuzifuata, lakini kwa mashine ilikuwa kazi ngumu.

Mwaka 1874 Baudot alipata hataza ya mfumo wake. Kila herufi aliipa alama tano zenye urefu uleule, kila alama ikiwa na hali mbili tu. Hesabu yake ni michanganyiko 32, na alama maalumu ilibadilisha mashine kutoka herufi kwenda tarakimu. Hapo ndipo tunapoona asili ya biti za leo.

Kisha aliugawa muda wa waya. Kifaa cha kuzunguka kilimpa kila mtumaji zamu yake fupi, mmoja baada ya mwingine, hivyo watu wanne au zaidi wakatumia waya mmoja. Mtumaji alikuwa na vitufe vitano, viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya kulia, na alipaswa kuvibonyeza kwa mdundo wa mashine. Vifaa vya pande zote mbili navyo vilipaswa kuzunguka kwa mwendo mmoja. Visipolingana, ujumbe uliharibika, kama inavyomtokea fundi wetu aliyekosea baudi.

Sifa na majonzi

Novemba 1877 mfumo huo ulianza kazi kati ya Paris na Bordeaux. Mwaka 1878 ulipata medali ya dhahabu katika maonyesho makubwa ya Paris. Lakini sifa haikuja peke yake. Louis Victor Mimault, naye mtumishi wa idara hiyohiyo, alimshtaki mahakamani akidai kuwa wazo lilikuwa lake, na kesi hiyo ikamwandama Baudot kwa miaka.

Januari 1890 alioa. Miezi mitatu baadaye mke wake akafariki. Afya yake mwenyewe ilikuwa imeanza kudhoofika, ila hakuacha kazi. Alifariki tarehe 28 Machi 1903 mjini Sceaux, karibu na Paris, akiwa na miaka 57.

Kilichobaki

Donald Murray wa New Zealand aliuboresha mpangilio wa alama hizo, na kutoka hapo zikapatikana alama za teleksi, ambazo zilitumika hata katika ofisi za Tanzania. Miaka ya 1920 wataalamu wa simu walikubaliana kipimo cha kasi ya alama kwa sekunde kiitwe kwa jina la Baudot.

Mapema miaka ya 1990, kabla intaneti haijaenea, vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilipelekeana barua kupitia mtandao wa ESANET, kwa modemu na programu za FidoNet, ambazo chimbuko lake ni mbao za matangazo za kompyuta.

Leo mizani nyingi za kielektroniki, kama zile za kupimia dhahabu, bado zina tundu la siriali. Ukiziunganisha na kompyuta na kuona takataka kwenye kioo, usikimbilie kununua kebo mpya. Hakikisha kwanza pande zote mbili zina baudi ileile. Mtoto wa mkulima wa Magneux alilazimika kuanzia hapo hapo.