Binti wa Ihithe na Majani Yaliyooza

Sisi wa Nyeri twamjua Marehemu Profesa Wangari Maathai kwa miti, na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka wa 2004. Mimi nitamweleza kwa upande wa majani yaliyooza chini ya miti hiyo, maana wengi huyasahau.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 kijijini Ihithe, Tetu. Karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa na chemchemi. Mamake alimkataza kuokota kuni za mugumo ule, kwani ulikuwa mti wa Mungu. Basi yeye akawa anachezea mayai ya vyura majini, akidhani ni shanga za kuvaa!

Kakake Nderitu ndiye aliyeuliza mbona Wangari haendi shule. Swali moja tu, bwana! Akasoma Ihithe, Mathari, Loreto Limuru, na mwaka wa 1960 akaenda Kansas, Marekani. Huko miti hupukutisha majani yote kabla ya baridi. Kwetu mubariti hudondosha kidogo kidogo mwaka mzima, nasi ati tunafagia na kuchoma moto.

Alipata udaktari wa falsafa Nairobi mwaka wa 1971. Akichunguza kupe wa ng'ombe, aliona mifugo imekonda na mito imejaa udongo. Kule Ihithe mugumo ulikuwa umekatwa na chemchemi imekauka. Yeye aliyesomea biolojia alielewa: mizizi hushika ardhi, majani yaliyoanguka huifunika, yakioza huwa mboji inayofyonza mvua kama sponji. Bila hayo udongo huingia Gura, Gura huingia Tana, na shamba la Tetu likaishia bwawa la Masinga.

Mnamo tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti 7 Kamukunji, Nairobi. Ndio mwanzo wa Green Belt. Mabwana misitu walidai kupanda miti kwataka diploma. Kumbe akina mama wakulima waliweza, wakilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kufikia 2004 miti ilizidi milioni 30. Habari za Uhuru Park mwaka wa 1989 na kupigwa kwake Karura mwaka wa 1999 mwazijua.

Shamba letu limeinama kama paa, na kila masika cucu hutazama rutuba ikiteremka. Siku hizi haruhusu mtu awashe kiberiti penye majani. Twayatia shimoni pamoja na nyasi mbichi, samadi na majivu kidogo, twanyunyiza maji, twageuza. Ya mubariti ni makaidi kuoza, lazima yakatwekatwe. Viazi vya msimu uliopita, wacha tu!

Profesa alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.