Gandhi: Mtu Aliyejitawala Kwanza

Muhula huu katika mdahalo wetu nilisimama mbele ya wenzangu, ulimi ukawa mzito, nikaketi bila kutamka neno. Usiku ule bwenini sikupata usingizi. Ndipo nilipomkumbuka mtu aliyepatwa na aibu kama yangu, nami naona vema niwasimulie maisha yake.

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar, nchi ya India, tarehe 2 Oktoba, 1869. Alikuwa na haya nyingi. Masomo yakiisha alikimbia nyumbani, mtu asimzungumzishe. Alisomea sheria London, akawa wakili mwaka 1891. Lakini katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay, alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, akaketi. Kesi akapewa wakili mwingine.

Mwaka 1893 alipata kazi Afrika ya Kusini. Safarini alipitia pwani yetu: Lamu, Mombasa na Unguja. Alipofika Natal, alitupwa nje ya garimoshi usiku katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa ajili ya rangi yake, ingawa alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza. Akakaa akitetemeka kwa baridi, akijiuliza: arudi kwao, au abaki adai haki? Akabaki. Tusifiche kwamba katika miaka ile aliwatetea Wahindi tu, na aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika. Naye alikuwa bado na mengi ya kujifunza.

Alipokuwa Johannesburg aliisoma sana Gita, kitabu cha Wahindu kifundishacho yoga. Wengi wetu hudhani yoga ni kukunja viungo tu. Lakini katika kitabu hicho yoga ni pia kuuweka moyo sawa, mtu asilewe kwa kupata wala asivunjike kwa kukosa. Gandhi alibandika beti zake ukutani, akawa akizikariri kila asubuhi alipopiga mswaki kwa dakika 15. Kwa njia hiyo alihifadhi sura 13 kati ya 18. Akaishi kwa kiasi: chakula chepesi, matembezi marefu, kazi za mikono, na baadaye kila Jumatatu alinyamaza kimya.

Basi, yule aliyeshindwa kumhoji shahidi mmoja, mwaka 1930 aliongoza watu kwa miguu siku 24, maili 240 hivi, mpaka baharini kuokota chumvi kuipinga sheria ya Waingereza. India ilijitawala mwaka 1947. Tarehe 30 Januari, 1948, aliuawa kwa risasi, akiwa na umri wa miaka 78.

Ndugu zangu, hakugeuka kwa siku moja; alijijua na kujirudi kidogo kidogo. Asubuhi za Mabamba ni za baridi, na blanketi ni tamu. Hata hivyo nimebandika karatasi ukutani karibu na kitanda changu, nami huamka mapema kuisoma kwa sauti. Katika mdahalo ujao nimeandikisha tena jina langu.