Nikola Tesla na Ndoto ya Umeme wa Bure

Jina la Nikola Tesla limepata umaarufu hapa Lamu kwa namna ambayo mwenyewe asingeitarajia. Wazee wetu hawakumjua. Vijana wa sekondari, kinyume chake, humtaja kana kwamba alikuwa jirani yao: wengine wamelisoma jina hilo kwenye gari, wengine wameziona picha zake katika simu, na karibu wote wamesikia kwamba aligundua umeme wa bure, kisha matajiri wa Marekani wakaufukia ugunduzi huo ili waendelee kutuuzia. Juzi mwalimu mmoja wa fizikia alinieleza kwamba wanafunzi wake wamechangishana fedha ili waunde koili ya Tesla nyumbani kwa mmoja wao wakati wa likizo, na kwamba transfoma waliyoipata imetolewa katika tanuri bovu la mikrowevu. Akaniomba niwasimulie maisha ya mtu huyo. Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia. Ila maneno yanayotungwa juu ya watu, na jinsi yanavyokua yakipita mdomo hadi mdomo, ni sehemu ya kazi yangu. Katika habari hii maneno yamekua hata yanaweza kumuua mtoto wa mtu.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho zamani hizo kilikuwa chini ya Milki ya Austria na leo kimo katika nchi ya Kroatia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi la Waserbia. Mama yake, Đuka, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa amehifadhi tenzi ndefu za mashujaa wa Kiserbia, na kwa mikono yake alijiundia vyombo vidogo vya kazi za nyumbani. Hadi uzeeni Tesla alishikilia kwamba kipaji cha ubunifu alikirithi kwa mama. Msomaji wa visiwa hivi hatashangazwa na mama wa namna hiyo. Mwaka 1858, Tesla akiwa mtoto wa miaka miwili, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wa kumwusia binti yake, na tangu hapo hawajakosekana akina mama wanaoujua kwa ghibu bila kushika kitabu. Sisi hatuna desturi ya kuihesabu elimu ya ghibu kuwa msingi wa sayansi. Kwa Tesla ilikuwa hivyo hasa: alizoea kuunda mashine nzima akilini, akaizungusha na kuirekebisha humo humo, kabla hajachora mstari mmoja.

Mwaka 1875 aliingia chuo cha ufundi cha Graz, nchini Austria. Huko alionyeshwa jenereta ya Gramme, iliyokuwa mpya wakati huo, nayo ikiendeshwa kama mota ilitoa cheche nyingi pale burashi zake zilipogusana na sehemu inayozunguka. Kijana akasema kwamba burashi zile zingeweza kuondolewa kabisa. Profesa wake, Jakob Pöschl, akatumia somo zima kuwathibitishia wanafunzi kwamba jambo hilo haliwezekani. Naomba walimu wenzangu watue kidogo hapa. Pöschl hakuwa mjinga, na mwanafunzi wake hakuwa na hoja yoyote ya kumjibu. Alikuwa na hisia tu. Kilichofuata si kisa cha kupendeza pia: Tesla alizama katika kamari, masomo yakamshinda, akaondoka Graz bila shahada.

Jibu lilimjia Februari 1882, jijini Budapest, alikokwenda kufanya kazi za simu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akitembea bustanini na rafiki, akighani kwa moyo beti za mshairi Goethe wa Ujerumani, mara akaiona mota yake akilini. Akaokota kijiti na kuichora mchangani. Mtu huyu alijua lugha zipatazo nane, na mimi, kwa upendeleo wa fani yangu, hupenda kuamini kwamba ushairi ulikuwa na mkono katika jambo hilo.

Wazo lenyewe ni hili. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, na wataalamu wetu wa istilahi waliuita mkondo mnyoofu. Upo umeme mwingine ambao hugeuza mwelekeo, huku na huko, mara nyingi kwa sekunde. Huo ni mkondo geu. Tesla aliona kwamba mikondo geu miwili au zaidi, ikipishana kidogo kwa wakati, huzaa nguvu ya sumaku inayozunguka yenyewe, nayo hukiburuta kipande cha chuma kilicho katikati bila kukigusa. Hakuna burashi, hakuna cheche. Haki inatutaka tuseme kwamba Galileo Ferraris wa Italia alifikia wazo hilo kwa njia yake na kulitangaza mwaka 1888, mwaka ule ule Tesla alipopewa hataza zake.

Kabla ya hapo alikuwa amepita Paris, kisha New York mwaka 1884, akamtumikia Thomas Edison kwa miezi michache na kuachana naye. Washirika waliofungua naye kampuni wakamtoa nje, hata mwaka 1886 akawa kibarua wa kuchimba mitaro. George Westinghouse ndiye aliyenunua haki za hataza za 1888. Maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893 yaliangazwa kwa mkondo geu, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukaufikia mji wa Buffalo, umbali wa zaidi ya kilomita 30.

Pwani yetu haikuwa mbali na mambo haya kama tunavyodhani. Historia ya shirika la umeme la Kenya husimulia kwamba mwaka 1875, Tesla akiwa ndiyo kwanza anaingia Graz, Seyyid Barghash wa Zanzibar, ambaye enzi yake ilifika hadi Lamu, alipata jenereta ya kuangazia kasri lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua, na hapo ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Lamu ilingoja. Mpaka katikati ya muongo wa 2010 mji huu ulitegemea mitambo ya dizeli, ndipo ukaja kuunganishwa kwa njia ya volti 220,000 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen. Umeme unaosafiri katika njia hiyo ni mkondo geu. Transfoma huupandisha volti ili usipotee kwa joto ndani ya nyaya, kisha nyingine huushusha kabla haujaingia majumbani. Huu ndio urithi wa Tesla uliotufikia, nao una mita.

Koili iliyobeba jina lake ni ya mwaka 1891. Tesla alikuwa akitafuta taa bora, na kwa ajili hiyo alihitaji umeme unaogeuka mara nyingi mno kwa sekunde, maelfu na malaki. Koili ina sehemu mbili. Ya kwanza ina mizunguko michache ya waya mnene, na imeunganishwa na kapasita, yaani chombo cha kuhifadhi chaji, pamoja na pengo ambalo umeme huliruka kwa cheche. Ya pili ina mizunguko mingi, mara nyingi elfu moja hivi, ya waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye bomba, na juu yake kuna tufe au duara la chuma. Siri ni kuzilinganisha sehemu hizi zipigwe na kuitikia kwa mwendo mmoja, jambo ambalo wanafizikia huliita rezonansi. Mtoto aliye kwenye pembea halazimiki kusukumwa kwa nguvu. Asukumwe kidogo tu, kila mara kwa wakati wake, atapaa. Ni haba na haba ya kibaba, isipokuwa kibaba hiki hujaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde na kumwagika kwa radi.

Hapa ndipo vijana wanapopotea. Wakisikia kwamba koili ya nyumbani yaweza kutoa volti laki tatu, hudhani imezaa umeme. Volti si nguvu. Wapenzi wa koili hizi hutumia sana transfoma ya taa za neoni ya volti 15,000 na miliampia 30. Mwanafunzi wa kidato cha pili azidishe: ni wati 450. Birika la kuchemshia chai hutumia mara nne ya hizo. Hata koili ikirusha cheche ndefu kuliko mtu, haiwezi kutoa zaidi ya wati hizo 450 zilizoingia, na sehemu yake hupotea kwa joto, mwanga na kelele.

Mei 1899 Tesla alihamia Colorado Springs, akajenga koili yenye kipenyo cha mita 15 hivi. Kutoka huko ndiko ilikotoka ile picha ambayo kila kijana ameiona: Tesla ameketi kwenye kiti, anasoma kwa utulivu, na umeme unalipuka juu ya kichwa chake. Picha hiyo ilipigwa mara mbili juu ya bamba moja. Kwanza cheche gizani, kisha, mtambo ukiwa umezimwa, mtu na kiti chake. Hakuketi pale hata kidogo wakati umeme ukipita. Nimeona picha hiyo ikitumiwa kama ushahidi kwamba cheche hizo hazidhuru, na hili hunikera kuliko uzushi mwingine wote uliotungwa juu yake.

Aliporudi New York alimshawishi tajiri J. P. Morgan ampe dola 150,000, na mwaka 1901 ujenzi wa mnara wa Wardenclyffe ukaanza katika kisiwa cha Long Island. Ulifikia mita 57. Hadithi inayopendwa ni kwamba Morgan aliuua mradi kwa sababu hakuona mahali pa kufunga mita. Mambo yalivyokwenda ni ya kawaida zaidi, na kwangu ni ya kuhuzunisha zaidi. Morgan alikuwa amenunua mawasiliano yasiyo na waya kuvuka Atlantiki. Desemba 1901 Guglielmo Marconi akatangaza kwamba amepokea ishara upande wa pili wa bahari kwa vifaa vya bei nafuu kuliko mnara ule. Tesla akapanua mpango badala ya kuupunguza: sasa alitaka kusambaza nguvu yenyewe ya umeme duniani kote, na akaomba fedha zaidi. Morgan akakataa. Lakini hata kama angekubali, mnara usingefanya kazi iliyokusudiwa, kwa kuwa nguvu inayotolewa hewani na ardhini husambaa na kufifia kadiri inavyokwenda mbali. Leo simu huchajiwa bila waya kwa njia inayofanana na yake, nayo hulazwa juu kabisa ya chaja. Mnara ulivunjwa mwaka 1917, ardhi ikiwa imekwisha kutwaliwa kufidia deni la hoteli.

Miaka iliyobaki nitaipita upesi. Alihama hoteli moja hadi nyingine akiacha madeni, akawalisha njiwa wa New York, akawatangazia waandishi wa habari silaha ya miali ambayo hakuna aliyeiona. Alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha Hoteli ya New Yorker, mwenye umri wa miaka 86. Mwezi Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sehemu muhimu za hataza ya redio ya Marconi, kwa sababu Tesla na wengine walikuwa wametangulia. Mwaka 1960 wanasayansi wa dunia walilipa jina lake kizio cha kupimia nguvu ya sumaku.

Sasa turudi kwenye transfoma ya mikrowevu. Hiyo hutoa volti 2,000 hivi, na mkondo wake ni mkubwa mara nyingi kuliko ule unaotosha kusimamisha moyo. Mtu akiishika hapati nafasi ya kujifunza. Kapasita ya tanuri hilo huweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ile ya neoni nayo huua. Na wale wanaosema kwamba cheche za koili hupita juu ya ngozi tu wamekosea: mishipa ya fahamu haihisi umeme unaogeuka kwa kasi hiyo, lakini nyama huungua. Tuongeze mambo ya kwetu: hewa ya chumvi na unyevu inayoupa umeme njia juu ya kila kitu, vichochoro ambamo jirani yuko umbali wa mkono, na mapaa ya makuti.

Wala siwaambii waache. Nilimshauri mwalimu yule waanze, tena shuleni naye akiwapo, na koili ndogo ya betri ya volti 9: transista moja, kipinga kimoja, kipande cha bomba la plastiki, na waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, mizunguko mia kadhaa. Inawashwa kwa muda mfupi, simu zikiwekwa mbali, na haiguswi ikiwa inafanya kazi. Mrija wa taa ya floresenti ukisogezwa karibu huwaka bila waya wowote, kama Tesla alivyowaonyesha watu London na Paris mwaka 1892. Waupime umbali ambao taa inaanza kufifia, wauandike, kisha waongeze mizunguko na kupima tena. Betri ikiisha taa huzimika, na hapo mwalimu anaweza kuwauliza umeme ule ulikuwa ukitoka wapi.